Mashine yaweza kumrushia mpira mchezaji aliye peke yake, lakini nani amfundishe kusoma mkono?

UAMUZI wa wasimamizi wa Ligi Kuu ya besiboli nchini Marekani wa kuruhusu, tangu msimu wa mwaka 2024, mashine ya kisasa ya kurusha mpira itumike katika vyumba vya mazoezi hata wakati mechi ikiendelea, ulipita bila kelele nyingi nje ya nchi hiyo. Hata hivyo, uamuzi huo umeibua upya swali la zamani katika mchezo huo: je, mchezaji anaweza kujifunza kuupiga mpira bila kuwapo mtu wa kumrushia?

Mashine inayohusika inaitwa Trajekt Arc na imebuniwa na kampuni ya Kanada. Kioo chake kikubwa huonyesha picha ya mrushaji halisi akijiandaa na kunyanyua mkono, kisha mpira wa kweli huchomoka katika tundu pale pale ulipo mkono wa mtu huyo katika picha, ukiwa na kasi na mzunguko ule ule anaoutumia uwanjani. Mchezaji wa akiba anaweza kuingia katika chumba cha mazoezi, akapiga mipira kadhaa ya mrushaji atakayekutana naye dakika chache baadaye, kisha akatoka kwenda kupambana naye.

Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa klabu huikodi mashine hiyo kwa kiasi kinachozidi dola 10,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ni chombo cha matajiri.

Upande wa pili wa soko kipo kifaa ambacho hakina kioo wala kompyuta. Ni kisanduku cha plastiki chenye mota ndogo, springi na betri. Mipira kadhaa hupangwa katika mfereji wake, na kila baada ya sekunde chache kijimkono chake huutupa mmoja juu kwa upole, mbele ya mpigaji aliyesimama hatua moja au mbili kutoka hapo. Mpigaji huupiga kuelekea kwenye wavu, hujiweka sawa, na mwingine huja. Katika maduka ya Marekani kifaa cha namna hiyo hupatikana kwa dola 100 hadi 200 hivi, na wanunuzi wake wakubwa ni wazazi wenye watoto wa shule.

Vifaa hivi viwili vimetengana kwa bei kama mbingu na ardhi, lakini vinatimiza kazi moja. Vyote vinamwondoa mwenzi katika mazoezi. Na hapo ndipo penye hoja inayostahili kutazamwa kwa makini, hasa na nchi ambazo mchezo huu bado ni mchanga, zikiwamo Uganda na Tanzania.

Ugumu wa sekunde 0.4

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, inafaa kueleza kwanza kwa nini besiboli inahitaji marudio mengi kiasi hicho. Mrushaji husimama juu ya tuta, umbali wa mita 18.44 kutoka kwenye bamba ambalo mpigaji husimama kando yake. Mpira una uzito usiofika gramu 150. Gongo ni la mviringo, na mahali palipo panene zaidi halizidi sentimita 6.6.

Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji katika muda wa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo wa kufumba na kufumbua, mpigaji hana budi kuutambua mpira, kuamua kama ataupiga au atauacha upite, na kulizungusha gongo hadi likutane nao.

Ndiyo maana mchezaji anayefaulu mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Wastani wa Ligi Kuu nzima mwaka 1999 ulikuwa 0.271, yaani mafanikio 271 katika kila majaribio 1,000. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa 0.243. Warushaji wamezidi kuwa na kasi, nao wanasaidiwa na kamera zinazopima kila mzunguko wa mpira. Wapigaji nao wanatafuta silaha ya kujibu.

Stadi kama hii haipatikani kwa maelezo. Hupatikana kwa kurudia tendo moja siku hadi siku, mpaka mwili uweze kulifanya kabla akili haijamaliza kufikiri. Wahenga walisema bandu bandu humaliza gogo, na mpigaji ni mtema gogo wa aina hiyo.

Tatizo ni kwamba gogo la mpigaji mmoja humalizwa kwa mkono wa mtu mwingine. Anayetaka kupiga mipira 300 kwa siku lazima apate mtu wa kumrushia mara 300. Mkono wa binadamu una kikomo chake, na gharama ya kuuvuka kikomo hicho inajulikana.

Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kuunganisha upya mshipi wa kiwiko cha mkono. Upasuaji huo, ambao tangu hapo umeitwa kwa jina la mgonjwa wake, umekuwa jambo la kawaida katika mchezo huo, hata kwa vijana. Mwaka 2007, chama cha Little League kinachosimamia besiboli ya watoto kiliacha utaratibu wa kuhesabu vipindi na kuanza kuhesabu mirusho. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku katika mechi.

Kwa mtazamo huo, mashine si anasa. Kila mpira unaorushwa na springi ni mpira ambao haukutoka katika bega la mzazi, la kocha au la mtoto mwingine. Hili ni jambo ambalo wanaoilaumu mashine kwa kuua utu wa mchezo hulisahau mara nyingi.

Kutoka baruti hadi magurudumu

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1897 Charles Hinton, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Princeton baada ya kufanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Japani, alitengeneza bunduki ya kurusha mpira wa besiboli. Hinton alijulikana zaidi kwa maandishi yake juu ya kipimo cha nne cha anga, lakini kwa wanafunzi wa Princeton alikuwa mtu wa baruti.

Mashine yake ilifanya kazi. Iliurusha mpira kwa kasi na iliweza hata kuupindisha hewani. Kasoro yake ilikuwa katika moshi, mshindo na hofu: wapigaji hawakupenda kusimama mbele ya bomba linalolipuka. Somo la kwanza likawa limepatikana. Mashine isiyoaminiwa na mtumiaji wake haina faida, hata ikiwa na nguvu namna gani.

Mashine zilipata heshima nusu karne baadaye. Branch Rickey, kiongozi wa klabu ya Brooklyn Dodgers anayekumbukwa zaidi kwa kumwingiza Jackie Robinson katika Ligi Kuu mwaka 1947 na kuvunja ubaguzi wa rangi uliokuwamo, alikuwa pia mpenzi mkubwa wa vifaa vya mazoezi. Katika kambi iliyofunguliwa Vero Beach, Florida, mwaka 1948, wachezaji wake walipiga mipira iliyowekwa juu ya kigingi, na mingine iliyorushwa na mashine. Hesabu ya Rickey ilikuwa nyepesi. Kambi yenye mamia ya vijana haiwezi kuwa na warushaji wa kuwatosha wote.

Baadaye ikaenea mashine ya mkono wa chuma ambayo Wamarekani waliibandika jina la utani la “Iron Mike”. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Paulson wa jimbo la Oregon alileta sokoni mashine iliyoweza kurusha mpira unaopinda. Mashine nyingi za leo hufuata njia ya magurudumu: mpira huingizwa kati ya magurudumu mawili yanayozunguka kwa kasi, yakaubana na kuutema. Gurudumu moja likizunguka upesi kuliko lingine, mpira hutoka ukiwa na mzunguko, na mzunguko huo ndio unaoufanya upinde au uzame.

Kisanduku cha springi cha nyumbani ni mjukuu mdogo wa ukoo huo. Hakishindani kwa kasi. Kazi yake ni kumpa mpigaji nafasi ya kuurekebisha mwili wake: miguu, nyonga, mabega, na njia ya gongo. Mpira unakuja polepole na mahali pale pale, hivyo kosa likitokea mpigaji hana wa kumsingizia.

Kijana wa Toyoyama

Wanaotetea mazoezi ya mashine hupenda kumtaja Ichiro Suzuki wa Japani, na wana haki ya kumtaja. Nchini Japani, vituo vya kupiga mpira vyenye mashine za kulipia vilianza kuenea katika miaka ya 1960. Mtu hununua zamu, huingia kizimbani na kupiga, awe mwanafunzi au karani aliyetoka kazini na tai shingoni.

Ichiro, aliyezaliwa mwaka 1973, alikulia katika mji mdogo wa Toyoyama karibu na Nagoya. Baba yake, Nobuyuki, alimpeleka karibu kila siku katika kituo cha namna hiyo kilichokuwa jirani na uwanja wa ndege. Inasimuliwa kuwa mashine za pale zilipokuwa hazimtoshi tena kwa kasi, mwenye kituo aliitafutia mashine moja springi ya nguvu zaidi kwa ajili ya kijana huyo peke yake.

Matokeo yanajulikana. Mwaka 2004, akiichezea Seattle Mariners, Ichiro alipata mapigo salama 262 katika msimu mmoja, rekodi ya Ligi Kuu ambayo haijavunjwa. Alimaliza kazi yake Marekani akiwa na mapigo 3,089, mbali na 1,278 aliyoyapata Japani. Mwaka 2025 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown, akiwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Japani kupata heshima hiyo. Katika wapiga kura 394, ni mmoja tu aliyemnyima kura.

Lakini kisa hicho kikisomwa vizuri kinasema zaidi ya sifa za mashine. Kijana yule hakuwa peke yake. Kabla ya kizimba, kulikuwa na mazoezi ya mchana ambayo baba alimrushia mpira kwa mkono wake mwenyewe. Ndani ya kizimba, baba alisimama karibu akimwambia upi wa kupiga na upi wa kuacha. Mashine ilitoa wingi, na binadamu akatoa macho.

Ziko pia hasara. Ichiro mwenyewe, akiwa mtu mzima, alieleza kuwa mazoezi yale yalikaribia kuwa mateso. Mashine haichoki, na mzazi mwenye tamaa anaweza kusahau kwamba mtoto huchoka. Kifaa kinachohifadhi bega la baba kinaweza kulimaliza la mwana.

Wanaume mashuhuri mbele ya Jennie Finch

Udhaifu wa mazoezi bila mrushaji ulionekana wazi mwaka 2004, katika mechi ya maonyesho iliyowakutanisha baadhi ya wapigaji wakubwa wa Ligi Kuu na Jennie Finch, mrushaji wa timu ya taifa ya Marekani ya softiboli ya wanawake. Katika softiboli mpira ni mkubwa zaidi na hurushwa kwa mkono unaozunguka chini ya nyonga, kutoka umbali mfupi zaidi.

Kwa hesabu ya muda, mpira wa Finch haukuwa wa ajabu. Umbali mfupi na kasi ndogo vilimpa mpigaji muda unaokaribiana na ule aliouzoea. Pamoja na hayo Albert Pujols, Mike Piazza na Brian Giles, watu waliokuwa wakilipwa mamilioni kwa kazi ya kupiga mpira, walishindwa kuugusa.

Maelezo ya wataalamu wa michezo ni kwamba mpigaji hodari haungoji mpira. Huanza kusoma kabla haujaachiwa: namna bega linavyofunguka, kiwiko kinavyopita, vidole vilivyoushika mpira, kisha mzunguko wa nyuzi zake katika hatua za kwanza hewani. Pujols alikuwa amesoma maelfu ya mikono iliyoshuka kutoka juu. Mkono uliotokea chini ulikuwa kwake kitabu cha lugha ngeni.

Kisanduku cha springi hakina bega wala kiwiko. Mpira hutokea tu. Mchezaji anayejifunzia hapo peke yake miaka nenda miaka rudi atakuwa na mzunguko mzuri wa gongo, lakini atakapokutana na binadamu mwenye hila atakuwa kama mtu aliyejifunza kuogelea juu ya mkeka. Anayajua mapigo yote ya mikono, isipokuwa hajaingia majini.

Hivyo basi, mashine ya Kanada yenye kioo ni ungamo la wataalamu wenyewe. Baada ya miaka zaidi ya 120 ya kumwondoa mrushaji katika mazoezi, wabunifu wamelazimika kumrudisha, walau kwa picha. Na kumrudisha huko ndiko kunakofanya gharama ipande kutoka dola 100 hadi zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi. Kinachouzwa kwa bei kubwa katika mashine hiyo ni mkono wa mtu.

Vifuniko vya mitungi ya maji

Kuna nchi ambayo imekuwa na mikono hiyo bure. Jamhuri ya Dominika, taifa la Karibi ambalo wakazi wake hawafiki milioni 12, ilikuwa na wachezaji zaidi ya 100 katika orodha za timu za Ligi Kuu ya Marekani msimu wa mwaka 2024 ulipoanza. Hakuna taifa jingine nje ya Marekani linalokaribia idadi hiyo.

Watoto wengi wa huko hawakukua na mashine. Walikua na mchezo wa mitaani uitwao vitilla, ambao mpira wake ni kifuniko cha plastiki cha mtungi mkubwa wa maji na gongo lake ni mpini wa ufagio. Kifuniko hicho hupepea, huyumba na kuzama hewani kuliko mpira wowote. Anayeweza kukigonga kwa mpini mwembamba, akishika gongo halisi huona kama amepewa ubao wa mlango.

Kilichowasaidia watoto hao hakikuwa umaskini, kama baadhi ya waandishi wanavyopenda kupamba. Hakuna sifa katika kukosa mpira. Kilichowasaidia ni mtaa uliojaa warushaji. Kila mtoto anayetaka kupiga anamkuta mwenzake anayetaka kurusha, na kila mwenzake ana mkono wake na ujanja wake. Mtaa mzima ni mashine yenye vioo mia moja.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka kwa upande wa Afrika. Mtoto wa Santo Domingo anaweza kuishi bila kisanduku cha springi kwa sababu ana wenzake. Mtoto wa Marekani ana kisanduku, na ana wenzake pia. Yupo mtoto wa tatu, ambaye hana hiki wala wale.

Uganda na wenzake

Mtoto huyo wa tatu si wa kubuni. Nchini Uganda besiboli imepiga hatua ambayo wapenzi wengi wa michezo Afrika Mashariki hawaijui. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, ikazuiwa kusafiri kwa kunyimwa viza kutokana na utata wa nyaraka za umri. Watoto wa Langley, Kanada, ambao wangecheza nao Williamsport, walisafiri hadi Uganda Januari 2012 ili mechi hiyo ichezwe.

Mwaka huo huo wa 2012 timu ya Lugazi ilifika Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka Afrika, na katika mechi ya kirafiki iliwafunga watoto wa Oregon 3-2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika yenyewe 4-1. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Jina lililosikika zaidi, hata hivyo, ni la Dennis Kasumba. Picha za video zilizosambaa katika mitandao ya kijamii zilimwonyesha kijana huyo akijifua kwa matairi, matofali na madumu ya maji. Mamilioni waliotazama walisifu juhudi zake. Mwaka 2023 alipata nafasi ya kwenda Maryland kuichezea Frederick Keys, katika ligi inayowaandaa vijana kuchaguliwa na klabu kubwa.

Akiwa huko alipata nafasi chache za kupiga, na ilidhihirika jinsi pengo lilivyo pana. Halikuwa pengo la nguvu, wala la bidii. Vijana aliokutana nao walikuwa wamesimama mbele ya warushaji wa kasi tangu utotoni, wikiendi baada ya wikiendi. Tairi humjenga mtu misuli, lakini halirushi mpira wa kilomita 145 kwa saa.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini anatoa mfano wa aina nyingine. Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza katika Ligi Kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa alipata pigo salama. Ngoepe alilelewa ndani ya klabu ya besiboli huko Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi na ambako familia iliishi. Alikuwa na uwanja mlangoni na watu wa kumrushia kila siku. Hata yeye, aliyepata bahati hiyo, hakuweza kudumu Ligi Kuu. Kudaka kwake kulisifiwa sana. Kilichomshinda ni kupiga.

Nchini Tanzania mchezo huu umeletwa hasa kwa jitihada za Wajapani waliojitolea, na mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata uwanja wake wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa Japani. Shule kadhaa hushindana katika mashindano yaliyopewa jina la Koshien, kwa kuiga yale makubwa ya wanafunzi wa Japani. Lakini mwanafunzi anayerudi nyumbani Mbagala au Kimara jioni hana anayejua kurusha mpira wa besiboli mtaani kwake. Wenzake wanajua kandanda, na wanamngoja kwa kandanda.

Kifaa gani, kwa nani?

Hapa unajitokeza ukinzani ambao watengenezaji na wafadhili hawajautilia maanani. Kisanduku cha kurusha mpira kinauzwa zaidi mahali ambapo warushaji ni wengi, na kinakosekana mahali ambapo warushaji hawapo. Kwa mtoto wa Ohio ni nyongeza. Kwa mtoto wa Lugazi au wa Kimara kingekuwa tofauti ya kufanya mazoezi siku moja kwa juma na kuyafanya kila siku.

Dola 100 si fedha kidogo kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki, lakini si kikwazo kwa chama cha michezo, kwa shule au kwa mfadhili. Kifaa kinachotumia betri hakina haja ya umeme wa gridi, na springi ni kitu ambacho fundi wa pikipiki anakifahamu. Kazi ya kutengeneza kijimkono kinachotupa mpira juu kila baada ya sekunde kadhaa si ya kuwashinda wanafunzi wa ufundi.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kuwa shehena ya mashine itazaa wapigaji. Historia ya misaada ya michezo Afrika imejaa vifaa vilivyopokewa kwa picha na hotuba, kisha vikafungiwa stoo pale kipuri cha kwanza kilipovunjika. Mashine bila mipira ya kutosha, bila wavu wa kuizuia isipotee, na bila mtu mzima wa kumtazama mtoto asije akapigwa usoni, ni pambo.

Aidha, utaratibu lazima uwe sahihi. Kisanduku kinafaa kwa kazi ya mwili, yaani kuuzoesha mkono njia ya gongo. Kazi ya macho bado inadai binadamu. Chama kitakachotumia fedha zote kwa mashine na kisimwandae kijana mmoja wa kurusha kitakuwa kimejenga madarasa bila walimu. Chama kitakachofanya vyote viwili, kikaweka kisanduku shuleni kwa siku tano na kukusanya warushaji uwanjani siku ya sita, kitakuwa kimeelewa kisa cha Toyoyama.

Wakati nao hausubiri. Besiboli, iliyoondolewa katika Olimpiki baada ya michezo ya Beijing ya mwaka 2008 na kurudi mara moja tu, Tokyo, imepangwa kurejea Los Angeles mwaka 2028. Klabu za Marekani zimekwisha kuionja Uganda na zinatafuta vipaji zaidi katika bara hili. Maskauti wao huja na saa za kupimia mbio na vyombo vya kupimia kasi ya mkono. Kijana mwenye mbio na mkono mzuri atasajiliwa hata asipojua kupiga, kisha atakutana na sekunde 0.4 akiwa na miaka 19, umri ambao wenzake wamekwisha kukutana nazo mara maelfu.

Mjadala wa Marekani kuhusu mashine ya kioo utaendelea, na huenda siku moja bei yake ikashuka. Kwa Afrika Mashariki mjadala uko kwingine, na ni wa vitu vya kawaida zaidi: mipira, wavu, kisanduku chenye springi, na mtu mmoja mwenye subira na bega zima. Wahenga walikwisha kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana wa Lugazi anaweza kuanza peke yake na mashine alfajiri, mradi jioni awepo mwenzake juu ya tuta.